Kisu cha nani? Ghazali, Ibn Rushd na ugomvi wa imani na akili

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na ambaye sijamgusa hapo, habari za jioni.

Wazee wangu, kina mama, vijana, nashukuru kwa kualikwa. Nimeombwa niongelee imani na akili katika falsafa ya zama za kati, na muda niliopewa ni mfupi, kwahiyo sitapita kwa kila mtu, sijui Anselmi sijui Abelard sijui nani, hapana, nitakaa na watu wawili kwa kirefu alafu mwishoni tutapita Paris kidogo kwa mtu wa tatu.

Ila nianze na hapa mlangoni. Wakati naingia kuna binti kanifata, kaanza chuo mwaka huu, kaniambia mwalimu, mama kanikataza nisichukue somo la falsafa, anasema kijana wa jirani yetu alilisoma akaacha kuswali, je ni kweli linaharibu imani? Nikamwambia mwanangu ingia ukae, nitakujibu mbele za watu maana hilo swali si lako peke yako. Na mama yako simlaumu hata kidogo. Anaogopa kumpoteza mwanae. Hofu hiyo hiyo imeandikiwa vitabu miaka mia tisa iliyopita na watu wenye akili kutuzidi sote humu ndani.

Sasa kabla ya vitabu naomba niwapeleke Rujewa. Wengine mtakumbuka, tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na kule Rujewa wilaya ya Mbarali mkoa wa Mbeya ndo kulikuwa mahali pazuri pa kuona ile pete. Nilikuwepo. Karibu na saa sita mchana mwanga ukaanza kufifia kama jioni lakini jua liko juu kabisa, upepo ukawa wa baridi, kuku wakaanza kuzubaa. Nilikuwa chini ya mti, nikaangalia chini, aisee, zile tundu za mwanga zinazopenya kwenye majani zote zimekuwa mwezi mwezi, alafu baadaye zikawa pete, mamia ya pete ndogo ndogo kwenye mchanga. Pembeni yangu kuna mzee katandika mkeka wake anaswali swala ya kupatwa kwa jua, ile ya rakaa mbili zenye rukuu mbili mbili, na karibu yake kijana kavaa ile miwani maalumu, ana karatasi ya saa na dakika, anasoma fizikia. Kabla mzee hajafunga swala alimuuliza yule kijana, "mwanangu, bado muda gani liachie?" Kijana akamwambia. Mzee akanyanyua mikono akafunga, na akarefusha sijda zake kwa kadiri ya dakika alizopewa.

Nimekuwa nikilifikiria tukio lile miaka yote hii. Yule mzee hakuona kwamba hesabu ya kijana inamuibia Mungu kitu. Aliitumia kupanga swala yake. Na amini usiamini, jambo hilo hilo la kupatwa kwa jua ndo Imam Ghazali kalianza nalo kwenye utangulizi wa kile kitabu chake ambacho watu wanasema kiliua falsafa.

Abu Hamid al-Ghazali, kazaliwa 1058 mji wa Tus, Uajemi ya mashariki, kafariki huko huko 1111. Pwani yetu hii jina lake linajulikana, kitabu chake cha Ihya kinasomwa na masheikh, wapo humu ndani waliosikia darsa zake toka utotoni. Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk akampa kiti cha kufundisha Nizamiyya ya Baghdad, chuo kikubwa cha wakati ule, na yeye mwenyewe anasema alikuwa na wanafunzi mia tatu. Sasa angalieni alichofanya. Alikuwa anaona wanafalsafa wanaheshimika, vijana wanawafata, wengine wanaacha ibada kwa kuona zile ni mambo ya watu wajinga. Yaani kijana wa jirani wa yule binti alikuwepo Baghdad! Lakini Ghazali hakupanda mimbari siku ya pili kuwatukana. Alisema mtu hawezi kuponda elimu asiyoijua mpaka alingane na bingwa wake kisha amzidi. Akakaa akavisoma vitabu vyao mwenyewe bila mwalimu, kwenye muda anaouiba katikati ya kufundisha na kuandika, chini ya miaka miwili, alafu karibu mwaka mzima mwingine anavirudia tu kichwani anavigeuzageuza. Akaandika kwanza kitabu cha kueleza wanasema nini, bila kuwapinga, na kakieleza vizuri mno mpaka huko Ulaya walipokitafsiri kwa Kilatini wasomi wengi wakadhani huyu Ghazali ni mwanafalsafa mwenzao. Kwa kumalizia ndo akaandika Tahafut al-Falasifa, kuporomoka kwa wanafalsafa, mwaka 1095.

Kwenye utangulizi anasema kuna watu wanadhani wanaitetea dini kwa kukataa hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi. Anasema hizo hesabu zina ushahidi wa jiometri usio na shaka, mtu aliyezisoma anakwambia lini litapatwa, kiasi gani, na litaachia saa ngapi, sasa wewe ukimwambia hii inapingana na dini, hatatilia shaka hesabu yake, ataitilia shaka dini. Na akasema madhara ya anayeitetea dini kwa njia isiyo yake ni makubwa kuliko ya anayeishambulia, akaleta na ule msemo kwamba adui mwenye akili ni bora kuliko rafiki mjinga. Huyo ndo Ghazali! Mtu ambaye tunaambiwa kila siku ndo kaizima akili katika Uislamu. Nasema wazi, hiyo habari si kweli na inaniuma ikirudiwa rudiwa. Mantiki, ile elimu ya kupima hoja, aliitetea mpaka akaiweka mwanzo wa kitabu chake cha usuli wa fiqhi, yaani misingi ya sheria ya dini, akisema asiyeijua elimu yake haiaminiki. Na baada yake elimu haikufa, Maragha kule Uajemi kilijengwa kituo kikubwa cha kuangalia nyota kuanzia 1259, na Ibn al-Shatir, mmoja wa wataalamu wakubwa wa elimu ya nyota wa karne ya 14, kazi yake ilikuwa mtunza nyakati wa msikiti mkuu wa Damascus. Wa msikiti.

Sasa aligombana nao kwa lipi? Kahesabu mambo ishirini. Kumi na saba kasema ni makosa, ni bidaa, yaani uzushi katika dini, lakini matatu kasema haya ni kufuru: kwanza kwamba ulimwengu hauna mwanzo, ulikuwepo milele, pili kwamba Mungu anajua mambo kwa ujumla tu, hajui kimoja kimoja, na tatu kwamba miili haitafufuliwa, roho tu. Hebu lifikirie hilo la pili kwa dakika moja. Mama yupo chumbani usiku anaomba dua kwa ajili ya mwanae mgonjwa, anamtaja kwa jina, na mwanafalsafa anamwambia Mungu anamjua binadamu kwa ujumla, huyo mwanao mmoja hapana. Mimi nikisoma hapo naelewa kwanini Ghazali alikasirika. Alikuwa analinda dua ya yule mama.

Kuna na lile suala la pamba na moto, ni mas'ala ya kumi na saba. Wewe unaweka moto kwenye pamba, pamba inaungua, unasema moto umeunguza pamba. Ghazali anakuuliza, umeona nini hasa? Umeona pamba ikiungua pale moto ulipogusa. Hujaona kwamba imeungua *kwa* moto. Kinachokuja pamoja na kitu si lazima kiwe kimeletwa na kitu hicho, na Mungu ndiye anayeunguza, ile kufuatana ni desturi aliyoiweka. Hoja kali hii, na angalieni ni akili inatumika kuonyesha mpaka wa akili, hajaleta aya ya kumnyamazisha mtu.

Alafu mwaka huo huo 1095 yeye mwenyewe akaanguka. Hili kalisimulia bila kuficha. Alijiuliza anafundisha kwa ajili ya nani, ya Mungu au ya cheo na sifa, akawa anavutwa huku na huku karibu miezi sita, mpaka siku moja kasimama mbele ya wanafunzi ulimi ukagoma. Neno halitoki. Chakula hakishuki. Madaktari wakasema hili limetoka moyoni, hatuna dawa. Akagawa mali yake akaondoka Baghdad, akaenda Sham, yaani upande wa Syria, miaka zaidi ya kumi mbali na kile kiti. Kwahiyo vijana mkiona huyu mtu anasema akili ina mwisho wake, mjue hakuongea kwa uvivu.

Haya tuhame, twende Andalusia, Hispania ya leo, mji wa Cordoba.

Miaka 15 baada ya Ghazali kufariki, 1126, kazaliwa Ibn Rushd, Walatini wanamuita Averroes. Babu yake kadhi wa Cordoba, na yeye mwenyewe akaja kuwa kadhi, Sevilla kwanza alafu Cordoba, na daktari wa mtawala juu yake. Nasisitiza ukadhi kwa sababu watu wanamchora kama mtu wa falsafa aliyejificha ndani ya kanzu. Si kweli. Kitabu chake cha fiqhi, Bidayat al-Mujtahid, mpaka leo kinasomeshwa. Inasimuliwa kwamba alipopelekwa mara ya kwanza kwa mtawala Abu Yaqub Yusuf, mtawala alimuuliza, wanafalsafa wanasemaje kuhusu mbingu, ni za milele au zimeanza? Ibn Rushd akaogopa, akakana kabisa kwamba anashughulika na falsafa. Mtawala akaona hofu yake, akamgeukia Ibn Tufayl aliyemleta, wakaanza kujadiliana wenyewe kwa wenyewe mpaka yule akatulia akafungua mdomo. Msomi mkubwa kiasi kile anakana elimu yake kwa hofu! Inakuonyesha hali ilivyokuwa.

Ibn Rushd aliandika kijitabu kifupi kinaitwa Fasl al-Maqal, mnamo 1179 au 1180. Na hapa sikilizeni alivyoanza, maana ni kadhi anaandika: anauliza, kisheria, kusoma falsafa ni halali tu, au haramu, au sunna, au wajibu? Yaani anaitolea fatwa. Na jibu lake ni kwamba kwa mwenye uwezo nao ni wajibu, kwa sababu Qur'ani yenyewe inasema zingatieni enyi wenye macho, na kuzingatia maana yake ni kutoka kwenye unachokijua kwenda kwenye usichokijua, na hiyo ndo kazi ya mantiki.

Atakayesema lakini mantiki imetoka kwa Wayunani, kwa wasio waislamu, anamjibu kwa kisu. Anasema chombo cha kuchinjia hakiulizwi ni cha mtu wa dini gani, kinaangaliwa kama kimetimiza masharti ya kuchinja kukasihi. Ndugu zangu, kisu kilichochinja kuku wa Idi nyumbani kwako kimetengenezwa na nani? Hujawahi kuuliza. Umekipitisha kidole ukaona kina makali, ukasema Bismillah.

Na jibu la swali la binti lipo humo humo. Ibn Rushd anasema, anayemzuia mtu anayefaa kusoma falsafa eti kwa sababu kuna watu walisoma wakapotea, ni kama anayemzuia mwenye kiu asinywe maji baridi matamu mpaka akafa, kwa sababu kuna watu waliwahi kupaliwa na maji wakafa. Kufa kwa kupaliwa ni bahati mbaya. Kufa kwa kiu ndo lazima.

Ila naomba mama wa binti nae apewe haki yake hapa, kwa sababu Ibn Rushd hakusema kila mtu anywe kwenye kikombe chochote. Kasema *anayefaa*, na kataja akili na uadilifu vyote viwili. Yule kijana wa jirani mimi simjui, inawezekana alipaliwa, inawezekana alikunywa haraka bila mtu wa kumpigapiga mgongoni.

Nguzo ya kile kitabu ni sentensi moja: kweli haipingani na kweli, bali inaafikiana nayo na kuishuhudia. Sasa ikitokea aya kwa dhahiri yake inagongana na jambo lililothibitika kwa hoja isiyo na shaka? Basi aya ina taawili, ina maana ya ndani zaidi ya dhahiri yake. Na nani wa kufanya taawili? Hapa waliosoma madrasa mtaipenda, ugomvi wote unakaa kwenye waqfu moja, yaani pale msomaji anaposimama. Sura ya Al-Imran aya ya saba. Ukisoma "hapana ajuaye taawili yake ila Allah" ukasimama, basi Mungu peke yake ndo anajua, na waliobobea katika elimu wanasema tu tumeamini. Lakini usiposimama ukaunganisha, inakuwa hapana ajuaye ila Allah *na waliobobea katika elimu*. Ibn Rushd aliunganisha. Pumzi moja ya msomaji, unavuta hapa au unavuta pale, na juu yake inasimama heshima yote ya akili. Jaribuni leo nyumbani mkisoma, simameni, alafu msisimame.

Kwa Ghazali alijibu kitabu kwa kitabu, Tahafut al-Tahafut, kuporomoka kwa kuporomoka. Kuhusu moto na pamba kasema akili si kitu kingine bali ni kuvitambua vitu kwa sababu zake, anayeziondoa sababu kaiondoa akili. Na kuhusu kukufurisha kamrudisha Ghazali kwenye maneno yake mwenyewe, maana Ghazali nae aliandika kitabu cha kuwazuia watu wasikimbilie kukufurishana.

Hapa lakini mimi nampinga Ibn Rushd kwa jambo moja, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nampenda. Yeye alisema taawili hizi zisitolewe kwa watu wa kawaida, watu wa kawaida waachiwe dhahiri, na akamlaumu Ghazali kwa kumwaga mambo haya kwenye vitabu vinavyosomwa na kila mtu. Sikubaliani. Kuna mama muuza vitumbua hapa nyuma kaja na beseni lake, kaniuliza kabla hatujaanza kwamba kama Mungu anajua kesho nitafanya nini, kwanini anihukumu? Hakuna aliyemfundisha swali hilo. Swali lilishamfikia lenyewe, kwahiyo kumnyima jibu si kumlinda, ni kumuacha nalo peke yake.

Na nadhani jambo hilo lilimrudia Ibn Rushd. Mwaka 1195 mtawala mwingine, al-Mansur, mtoto wa yule wa kwanza, akamgeuka. Wengi wanaona alihitaji wanazuoni wawe upande wake kwa sababu ya vita na wakristo wa Castilia. Vitabu vya falsafa vikachomwa, mzee akapelekwa uhamishoni Lucena. Inasimuliwa kwamba jambo lililomuuma kuliko yote ni siku aliyoingia na mwanae msikitini Cordoba kuswali alasiri, watu wa kawaida wakawafukuza. Kadhi, mjukuu wa kadhi wa mji ule ule, anatolewa msikitini. Baadaye alisamehewa, akafia Marrakesh 1198. Mwili ukarudishwa Cordoba, na Ibn Arabi, yule sufi mashuhuri, aliyekuwepo, anasimulia kwamba upande mmoja wa mnyama waliweka jeneza na upande wa pili wakaweka vitabu vyake, ili mzigo ulingane.

Vitabu havikuishia pale. Vikatafsiriwa kwa Kiebrania na Kilatini, vikafika Paris, na huko nako moto ukawaka upya. Chuo cha Paris kilishapigwa marufuku kufundisha vitabu vya maumbile vya Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kiyunani, toka 1210, na kufikia 1255 vitabu hivyo hivyo vikawa lazima kwa mwanafunzi, fikiria. Ndugu zangu wakatoliki mtamjua Mtakatifu Thoma wa Akwino. Huyu alivyoandika, Aristotle alikuwa anamuita "Mwanafalsafa" tu na Ibn Rushd anamuita "Mfafanuzi" tu, bila jina, kila mtu anaelewa ni nani. Alichukua mengi kwake, na akampinga vikali pia: mwaka 1270 kaandika kitabu kizima dhidi ya hoja ya Ibn Rushd kwamba binadamu wote wana akili moja ya pamoja, na humo kamuita Ibn Rushd mpotoshaji.

Mimi nampenda Thoma kwa jinsi alivyolishika lile swali la ulimwengu, la kwanza kati ya yale matatu ya Ghazali. Aliamini kabisa kwamba ulimwengu una mwanzo. Lakini padri mwenzake akija na hoja dhaifu akidai kathibitisha kwa akili, Thoma anamwambia hapana, hujathibitisha, hili tunalishika kwa imani, na ukileta hoja mbovu kutetea imani watu watatucheka wakidhani tunaamini kwa sababu ya hoja hizo. Mnaisikia sauti ya Ghazali hapo na jua lake? Sehemu nyingine anasema kosa kuhusu viumbe huzaa kosa kuhusu Mungu. Watu wawili, dini mbili, wamepishana zaidi ya miaka mia, wanaogopa kitu kile kile.

Na yeye hakusalimika. Alifariki tarehe 7 Machi 1274. Miaka mitatu baadaye, siku hiyo hiyo ya tarehe 7 Machi, 1277, askofu wa Paris Étienne Tempier akatoa orodha ya hoja 219 zilizopigwa marufuku. Nyingine kweli zilikuwa za kiburi, kama ile inayosema wenye hekima duniani ni wanafalsafa peke yao, lakini baadhi zilimgusa mpaka Thoma. Ikachukua mpaka 1325, akiwa ameshatangazwa mtakatifu miaka miwili, ndo marufuku hiyo ikaondolewa kwa yale yanayomuhusu.

Nimeona mwenyekiti anaangalia saa, namalizia na binti. Mwanangu, chukua hilo somo. Ila usianze na watu wanaokuambia Ghazali alikuwa adui wa akili wala wanaokuambia Ibn Rushd alikuwa kafiri. Soma kwanza utangulizi wa Tahafut, ni kurasa chache, ule wa kupatwa kwa jua. Alafu Fasl al-Maqal, nacho kifupi, unakimaliza kwa wiki. Na ukifika kwenye aya ya saba ya Al-Imran, mwite mama akae karibu, umsomee kwa waqfu na bila waqfu, umuulize yeye anasikia nini. Nakala ninayo kwenye mkoba hapa, nitakuazima, utairudisha ukimaliza.

Sasa maswali, na naomba aanze yule mama wa vitumbua, lile swali lake la kesho bado sijamjibu.